Nyeupe, Mpandishe Mtoto

Spana alifungua mlango wa gari la shemeji yake, harufu ikamvaa usoni, akaufunga. Akageuka pembeni, akavuta hewa ya watu wa kawaida, kisha akaufungua tena maana kazi ni kazi. Zilikuwa soksi. Soksi za mwanamume mzima, zilizolowa jasho jana kutwa kwenye uwanja wa mbio, zikasokomezwa ndani ya viatu, viatu vikatupwa mbele ya kiti cha nyuma, palepale mtoto anapoweka miguu yake akienda shule. Helmeti ilikuwa imelala juu ya kiti hicho, bitana yake mbichi bado, na kwenye zulia kulikuwa na maziwa ya siku nyingi yaliyoganda yakaota ukungu wa kijani. Alichefukwa mpaka machozi yakamlenga.

Na huyu ndiye bwana ambaye sebuleni kwake huruhusiwi kuingia na viatu.

Spana si jina alilopewa na wazazi, lakini tangu aanze ufundi wa breki, miaka ishirini na ushee, hakuna aliyemwita vingine isipokuwa mama yake na watu wa benki. Alikuwa na karakana yake mwenyewe yenye milango miwili, na wanaume waliokuwa wakimcheka zamani sasa walimletea magari yao kimya kimya. Asubuhi hiyo ya Jumatatu hakuwa karakanani. Alikuwa nyumbani kwa mdogo wake, kwa sababu mdogo wake alimpigia simu jana yake kulalamika kwamba gari la mumewe linalia. Likikanyagwa breki asubuhi linapiga yowe, njia nzima inageuka kutazama, na yeye ni mtu wa ofisini, anashushwa mbele ya mabosi wake huku uso umemshuka. Alimwomba dada yake aje alinyamazishe kabla hawajatoka, akaongeza kwamba asilete maneno mengi, alete tu yale mafuta yake apake.

Neno kulia ndilo lililomtoa Spana karakanani. Pedi za breki alizowapa za kwendea kazini hazilii. Alizichagua yeye mwenyewe, dukani, moja moja.

Sasa tumweleze huyu shemeji, ingawa ukimweleza unapata kiungulia. Alikuwa mtu wa bima. Tai shingoni, kalamu mfukoni, kutwa nzima anawaeleza watu wazima hatari zinazoweza kuwapata na watoto wao. Miaka miwili iliyopita alinunua gari la spoti, la manjano, la chini chini, lenye milango miwili na kiti cha nyuma cha kumtosha mtoto au paka. Hilo hilo moja lilifanya kila kitu: kumpeleka mkewe kazini, kumpeleka mtoto shule, kuleta mboga, na Jumapili moja kila mwezi kwenda uwanjani kukimbizwa na magari ya wenzake. Marafiki zake wa huko walimbatiza jina la Kona, kwa sababu hakuweza kumaliza sahani ya chakula bila kueleza alivyoiingia kona fulani. Ukimpa kijiko, kijiko ni gari. Ukimpa chumvi, chumvi ni mpinzani wake, na mpinzani huyo lazima apitwe.

Mwanzoni Spana hakuwa na kinyongo. Gari moja kufanya kazi mbili si dhambi, mradi mwenyewe akubali usumbufu wake, naye aliueleza usumbufu huo wote kwa utaratibu. Kabla ya uwanja, mafuta ya breki yabadilishwe, nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, kila kitu kinachoweza kuruka ndani ya gari kitolewe. Halafu pedi. Pedi za mbio zinapenda moto. Zikishapata joto, zinashika mpaka macho yanataka kukutoka. Zikiwa baridi zinaringa: unakanyaga, gari linaendelea na safari yake kwanza, ndipo linakumbuka kusimama. Uwanjani hilo si neno, kwa sababu watu huzunguka raundi mbili za kuzipasha. Lakini hakuna anayezunguka raundi mbili kabla ya kumpeleka mtoto shule, na ukitoka kwao ni mteremko mtupu mpaka njia panda ya shule. Kwa hiyo sharti lilikuwa moja: uwanja ukiisha, pedi za mbio zinatoka siku ileile, za barabarani zinarudi.

Na kwa kuwa alimjua shemeji yake, Spana akaweka alama. Kila alipofunga pedi alichora mstari mdogo wa rangi kwenye boliti za kalipa, kile chuma kinachobeba pedi, mahali ambapo mtu akiinama anauona kati ya matundu ya rimu. Mstari mwekundu maana yake zimo za mbio. Mweupe maana yake zimo za barabarani. Alimwita mdogo wake, ambaye kwenye gari anajua redio tu, akamfundisha kwa sekunde kumi. Kila Jumatatu ainame atazame. Nyekundu, usiingie, nipigie simu. Nyeupe, mpandishe mtoto.

Wiki tisa zilizopita ndipo Kona alipoanza kusema kwamba kazi hiyo ameshaiweza, hana haja ya kupanga foleni karakanani kila Jumapili jioni kama mteja wa mtaani. Spana alimsimamia mara mbili, akaona kweli mikono inafuata. Akamfungia pedi za mbio kwa mara ya mwisho, akachora nyekundu, akamkabidhi zile za barabarani ndani ya boksi lao pamoja na kopo la rangi nyeupe, na makubaliano kwamba mke atazame na kutuma picha. Tuseme ukweli wote: Spana mwenyewe alifurahi. Alikuwa amezichoka zile Jumapili, kusubiri mtu aje ananuka jasho na kujisifu. Picha zilikuja, kila Jumatatu iliyofuata mbio, mstari mweupe umenyooka vizuri, naye kila mara alijibu neno moja, safi, akarudi kwenye kazi.

Basi asubuhi hii aliinama mbele ya gurudumu la kulia. Rimu ilikuwa nyeusi tititi kwa vumbi la breki, lile vumbi kali la pedi za mbio, linalonata na kula rangi. Katikati ya uchafu ule, mstari mweupe uling'aa.

Uling'aa mno. Rangi ya Spana hufubaa siku ya pili. Akapenyeza kidole, akakwaruza kwa ukucha, na ule weupe ukabanduka mzima mzima kama gamba la samaki. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu, wa mkono wake mwenyewe, haujakatika popote. Boliti ile haikuguswa na mtu tangu alipoifunga yeye.

Alikwenda gurudumu la pili akakuta yaleyale. Akafungua buti. Humo alikuta taulo lililooza, maganda ya ndizi yaliyokuwa meusi, makopo ya vinywaji, na chini kabisa lile boksi la pedi za barabarani. Mpira wa manjano aliolifungia bado ulikuwa juu yake, na fundo lake mwenyewe, na neno BARABARA aliloandika kwa kalamu nene. Halikuwahi kufunguliwa. Kopo la rangi nyeupe lilikuwa pembeni yake, zima, na utepe wake wa dukani. Wiki tisa. Spana alilishika boksi lile, mate yakamjaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, akayatema kwenye maua ya shemeji yake bila kuomba radhi.

Mdogo wake alitoka ndani na mkoba wa kazini, akinukia marashi, akauliza kama kazi imekwisha. Spana alikuwa anazitazama kucha za mdogo wake. Zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe, nzuri, inayong'aa.

"Ulipaka wewe," Spana alisema.

Mdogo mtu akatazama boksi, akatazama kucha, na uso ukambadilika. Angeweza kukana. Wangegombana kidogo, labda ingekuwa nafuu. Lakini alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka, tena ya mtu anayeona amefanya hisani.

"Nilichoka, Dada. Mara ya kwanza nilimwambia ni nyekundu, akaninunia mpaka Jumatano. Wewe unataka picha, yeye anataka amani. Nikawapa wote wawili mnachotaka."

Spana alimlea huyu. Alimbeba mgongoni, alimsuka, alimlipia kozi ya ukarani kwa mikono hii hii yenye grisi. Hakuwahi kumwonea kinyaa, hata alipokuwa mchanga na kumtapikia begani. Sasa alimwonea kinyaa, na aliona aibu kwa hilo, na aibu yenyewe haikupunguza kitu. Hasira juu ya Kona ilikuwa na mahali pa kukaa, maana Kona ni Kona. Hii nyingine haikuwa na mahali.

Kona naye akatokea, tai imekaa sawa, kikombe cha kahawa mkononi, na uso wa mtu aliyelala usingizi wa ushindi. Alipoelezwa hakushtuka hata kidogo. Alicheka. Akasema zile pedi ni ghali mara nne ya hizo za boksini, zinasimamisha gari linalokimbia kama risasi, sasa ni akili gani hiyo kutoa kitu bora na kuweka kibovu ili kwenda shule? Spana akaeleza tena, mara ya kumi, habari ya baridi na moto. Alieleza polepole, maana alikuwa anajizuia asimshike ile tai. Kona akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kidole gumba.

"Shemeji, wewe ni fundi mzuri, sikatai," alisema. "Lakini gari hili mimi nalisikia mwilini. Siku lisiposimama, nitajua kabla yako."

Hapo mtoto akatoka. Ana miaka sita, pengo mbele, begi la shule kubwa kuliko mgongo. Akamkimbilia Spana, akamkumbatia kiunoni bila kujali ovaroli, akamwita mama mkubwa, akamwonyesha jino jipya linaloota. Spana alimshika kichwa. Kisha akamvua lile begi taratibu, akamwambia ataliazima kidogo, na likiharibika atamnunulia jingine.

Nyumba ile imejengwa juu, na njia yake ya saruji inateremka moja kwa moja mpaka getini. Spana alifungua geti lote. Barabara ya nje ilikuwa ya ndani ya mtaa, mwisho wake ukuta, lakini hata hivyo alitoka akaikagua kulia na kushoto mpaka akaridhika kwamba hakuna mtu wala gari. Akachora mstari wa chaki kwenye saruji. Akahesabu hatua saba kutoka pale kuelekea getini, na kwenye hatua ya saba akalisimamisha begi, na mikanda yake miwili, na chupa ya maji imechomoza pembeni. Gari lolote zima, hata la kubebea kuku, kwa mwendo wa kushukia nyumbani linasimama kwa hatua nne.

Alimwambia Kona afanye vile anavyofanya kila siku. Ashuke kwa mwendo wake wa kila siku, akifika chaki akanyage breki kwa nguvu anazotaka. Hakuna ujanja. Likisimama kabla ya begi, yeye Spana ataomba radhi mbele ya mkewe na hatafungua mdomo tena kuhusu pedi.

Mkewe akasema jamani tutachelewa. Lakini Kona alishaweka kikombe chini. Mambo ya kuonyesha ujuzi hayajawahi kumpita huyo. Aliingia garini, akafunga mkanda kwa madaha, akavaa glavu, eti glavu, za kushukia hatua ishirini za saruji. Injini ikaunguruma. Spana alirudi kibarazani akamshika mtoto mkono na kumweka nyuma yake.

Gari likateremka. Likafika kwenye chaki, na wote wakaona taa nyekundu za nyuma zinawaka, maana mguu wa Kona ulikuwa umezama. Likapiga yowe. Lakini liliendelea, halina haraka wala wasiwasi, na nyuma ya Spana sauti ndogo ya mtoto ilikuwa inahesabu, kwa furaha, kama anayeruka kamba.

"Moja. Mbili. Tatu."

Begi lilianguka chali, likaingia chini ya bampa. Chupa ya maji ikapasuka.

"Nne," mtoto akasema, na gari likasimama, pua yake nje ya geti.

Mlango ukafunguliwa, Kona akatoka. Na huyo, wajomba, alipita kwenye gurudumu lililokalia begi la mwanawe bila kuliangalia, akaenda moja kwa moja mbele, akachuchumaa, akavua glavu moja, akapapasa bampa kwa vidole vyake, polepole, kutoka upande huu mpaka ule.

"Haijachubuka," alisema kwa nafuu kubwa.

Spana alimgeukia mdogo wake ili aone kama amesikia. Alikuwa amesikia. Mkoba wa kazini ulikuwa umemteleza mpaka kwenye kiwiko na hakuuinua. Lakini Spana hakuwa amemaliza, kuna kitu kilikuwa kinamkera sikioni. Akainama mpaka usawa wa mtoto, akamuuliza kwa upole alikuwa anahesabu nini.

Mtoto alishangaa kuulizwa. Huo ni mchezo wao, alisema, yeye na baba, kila siku pale njia panda ya shule. Baba akikanyaga breki anasema shika, na yeye anashika kiti na kuhesabu mpaka gari lisimame. Kawaida ni tatu. Leo nne, kwa sababu gari halijanywa chai.

"Na yule mama wa kuvusha watoto anaujua mchezo wetu," akaongeza. "Akituona anawavuta wenzangu nyuma, yeye mwenyewe anaruka pembeni. Anaruka hivi."

Akaonyesha, miguu yote miwili kwa pamoja, akatua karibu na viatu vya mama yake.

Kona, kule chini, hakukana. Alijua basi. Siku hizi zote alijua kwamba gari halisimami, akalitafutia wimbo wa kuhesabia. Mkewe alikaa kwenye ngazi. Akaanza kuikwangua rangi ya kucha zake, kidole kwa kidole, kwa meno na kwa ukucha, vipande vyeupe vikamdondokea kwenye sketi. Spana alimtazama, hakumsogelea. Siku nyingine angekaa naye pale chini, angemshika bega. Leo alihisi akimgusa atanawa mikono.

Alishuka getini. Akapitisha mkono dirishani akachomoa ufunguo, akautia mfuko wa ovaroli, mfuko wa ndani wenye zipu. Kona alianza kulalamika kwamba ana mteja saa tatu, na gari limeziba njia, na huu ni ukorofi. Spana alimpitia kama mtu anayepita jalala, amebana pumzi. Alivuta begi kutoka chini ya tairi likatoka limechanika, zipu imefumuka, daftari la hesabu limelowa maji, na mkate wa mtoto umekuwa bapa na una alama za tairi, kila mfereji umejichora vizuri. Akauweka mkate juu ya boneti ya manjano, mbele ya macho ya mwenye gari.

Halafu akamshika mtoto mkono wakaondoka kwa miguu.

Njiani Spana alitoa simu yake. Alizitafuta zile picha, mbili, mistari miwili myeupe, na chini ya kila moja neno lake lilelile, safi. Mstari mwenyewe uling'aa hata kwenye picha, angeuona kama angetazama kama fundi na siyo kama mtu anayetaka Jumapili yake. Alijichukia vya kutosha, na hakuzifuta. Mtoto alikuwa anaruka ruka pembeni yake, anasimulia habari za jino.

Walifika njia panda. Yule mama wa kuvusha watoto alikuwa amesimama katikati na kibao chake, na Spana aliona jinsi alivyotupa jicho kwanza kule juu mteremkoni, akalituliza, ndipo akawaona wao. Ukingoni mwa barabara Spana akasimama. Mtoto alikuwa ameshaukaza mkono, vidole vyote vimemshika, mdomo umefunguka tayari kuanza moja. Akatazama miguu ya mama mkubwa, akatazama yake, kisha akainua uso.

"Mbona wewe unasimama mara moja?" aliuliza.